Si Uzembe, Ni Setilaiti



Dada mmoja, karani kisiwani Pate, alilaumiwa kazini kwa uzembe. Programu ya ofisi iko kwenye seva Mombasa, naye huifungua kwa mbali. Wenzake wa Amu hawana shida. Kwake kila herufi huchelewa. Nilipima: milisekunde 600. Kompyuta yake nzima. Njia yake ni dishi la zamani.

Setilaiti ile iko karibu kilomita 36,000 juu. Herufi hupanda na kushuka, jibu vivyo hivyo: kilomita 144,000, karibu nusu sekunde. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya kwenda nje ilitegemea njia hiyo.

Nimemwandikia bosi wake: dada si mzembe, ameachwa mwaka 2008.