Jinsi Hewa ya Dunia Ilivyopimwa Uzito

Huku Butembo maji hutokota kwa joto la digrii 94 hivi. Kule Beni, palipo chini zaidi, digrii 96 hivi. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva milimani. Hewa ina uzito, nayo huilemea sufuria ya Beni kuliko ya Butembo.

Zamani watu wengi hawakusadiki neno hilo. Mwaka 1644 Mwitalia Torricelli aliandika juu ya jaribio la mrija wa kioo uliojazwa zebaki na kupinduliwa bakulini. Zebaki ilishuka kidogo, kisha ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Torricelli alisema kwamba ni uzito wa hewa ulioishikilia.

Pascal, Mfaransa, akawaza: kama ni kweli, basi juu ya mlima zebaki itashuka zaidi. Tarehe 19 Septemba 1648 shemeji yake, Florin Périer, alipanda mlima Puy de Dôme. Mrija mmoja aliuacha chini, katika bustani ya watawa wa Clermont, na Padre Chastin akaulinda mchana kutwa: zebaki haikusogea. Kileleni ilikuwa imepungua kwa sentimita 8 na zaidi. Shaka ikaisha.

Sasa tupige hesabu pamoja. Penye usawa wa bahari, kila sentimita mraba, yaani kama ukucha wa kidole, huchukua kilo moja ya hewa. Uso wa dunia una kilometa mraba milioni 510, na kila kilometa mraba ina sentimita mraba milioni elfu kumi. Tukizidisha, twapata kilo 5 zenye sifuri 18 nyuma yake. Wataalamu wa leo nao wanapata karibu hiyo hiyo. Pascal mwenyewe alipata pungufu kwa sehemu moja hivi katika tano. Si haba kwa mtu wa zama zile!

Elimu hiyo ilifika hata kwetu. Mwaka 1906 Mtawala wa Abruzzi alipanda kilele cha Margherita, katika Ruwenzori, mlima tunaoutazama kutoka Beni. Kwa kipimo cha hewa, kimo chake kilihesabiwa kuwa meta 5,125. Leo twajua ni 5,109. Tofauti ni meta 16 tu.

Basi, kitu kisichoonekana wala kushikika chaweza kupimwa, mradi mtu awe na mrija, mlima, na mwenzake mwaminifu wa kukaa chini kuangalia.