Kisa cha Adili na Manyani Wake

Mwambao utokao Tanga, ukapita Pangani na kushuka hadi Mkwaja, ni nchi ya vyombo na ya mashamba. Wavuvi huenda na kurudi kwa pepo zao, na watoto hutumwa kuamia mahindi, maana manyani wa mwitu wa Saadani hawangoji mwenye shamba avune kwanza. Mwambao huu ndio uliomlea Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akaingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, na kwa muda akatumikia Pangani. Mwaka 1952 kilitolewa kitabu chake kidogo, *Adili na Nduguze*, ambacho vizazi vya wanafunzi wa Tanzania na Kenya wamekisoma. Vitabu vingi vya shule vya zama zile vimekwisha kusahauliwa. Hiki kingali kikikumbukwa. Yafaa kuuliza sababu.

Jibu lililo karibu ni maajabu yake. Adili, liwali wa Janibu, amwokoa nyoka aliyekuwa akiandamwa na adui, na nyoka yule ni Huria, binti wa mfalme wa majini. Aingia katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, akamkuta humo binti mmoja tu aliye hai, Mwelekevu. Mtoto wa pwani aliyekwisha kuona magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi yasiyo na wenyewe, hahitaji kufafanuliwa mji wa namna hiyo. Walakini maajabu peke yake hayatoshi kuwa sababu. Kisa chenyewe kina asili yake katika *Alfu Lela Ulela*, na maajabu ya huko ni mengi kuliko haya.

Jibu la pili ni mafunzo. Wahakiki wamesema, wala hawakukosea, kwamba watu wa Shaaban Robert ni sifa zilizovikwa nguo: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu, na hakuna abadilikaye mpaka aamriwe na hadithi. Kama kitabu kingekuwa hivyo tu, kingekufa siku ya mtihani.

Siri imo katika jambo jingine. Kisa chaanza kwa kodi iliyochelewa, jambo ambalo karani wa forodha alilijua vema. Mfalme Rai wa Ughaibuni ampeleka Ikibali kwenda kuitaka kwa Adili. Usiku Ikibali achungulia, na anachokiona chamshangaza: liwali anayesifiwa kwa huruma awapiga manyani wawili, kisha alia, awafuta machozi, awalisha kwa mkono wake. Manyani wale ni ndugu zake. Walikwisha kuponda urithi wao, wakapokewa naye na kugawiwa mali yake, kisha kwa wivu wakamtosa baharini. Huria alimwokoa, akawageuza, akamwamuru awapige kila usiku. Akiacha, adhabu itamwangukia yeye.

Hapa ndipo mtoto anapokamatwa. Ajua kwamba ndugu wale wanastahili adhabu, na papo hapo hawezi kuvumilia kuiona. Mwandishi ametia swali zito katika kitabu chepesi: mwema afanye nini akiwekewa mjeledi mkononi kwa haki? Adili hapati raha ya kulipiza kisasi. Kila pigo lamrudia.

Kwa ajili ya swali hilo mwandishi aliibadili hadithi aliyoirithi. Katika *Alfu Lela Ulela* ndugu hugeuzwa mbwa. Msomaji wa mwambao wa Kiislamu angepata taabu kuona mbwa wakikalishwa chakulani. Bali nyani ana uso na vidole karibu na vya mtu, na aliyewahi kumfukuza shambani ajua jinsi anavyogeuka akatazama. Badiliko la pili ni kubwa zaidi. Katika kisa cha kale ndugu wakiisha kurudishiwa umbo lao hutenda uovu tena, na mwisho wao ni kitanzi. Kwa Shaaban Robert, Rai awaombea kwa majini, wanarudishiwa utu wao, nao watubu kweli.

Watu wa pwani husema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Rai hakuchukua jembe akaondoka. Aliingia kati, na kwa kuingia kwake mambo mawili yasiyopatana kwa kawaida, haki na huruma, yakakaa pamoja. Husuda juu ya urithi haikuisha pamoja na zama za mwandishi, aliyefariki mwaka 1962. Mashauri ya mirathi yangali yakitenga ndugu hata leo. Maadamu hayo yapo, mtoto ataendelea kumsikiliza Adili akilia usiku.