Mwanasesere wa viungo: Jinsi ya kumpanga mkao na kumpiga picha

KWA watu wengi mwanasesere ni kitu cha mtoto, hununuliwa wakati wa sikukuu na kusahauliwa baada ya mwezi mmoja. Nchini Japani, hata hivyo, wapo watu wazima wanaomnunua ili wampange mkao na kumpiga picha, na burudani hiyo imekwisha kuenea katika nchi nyingi.

Anayetumika ni mwanasesere mkubwa mwenye viungo vya mviringo. Umbo lake la kisasa lilipata umaarufu mwaka 1999, pale kampuni ya Volks ya Kyoto ilipotoa aina iliyoitwa Super Dollfie, yenye urefu unaozidi nusu mita. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Katika miaka ya 1930, msanii Hans Bellmer alitengeneza mwanasesere wa namna hiyo nchini Ujerumani na kumpiga picha. Kazi zake zilimvutia msanii wa Kijapani, Simon Yotsuya, katika miaka ya 1960.

Lastiki ndiyo misuli

Mwili wa mwanasesere huyu ni vipande vya resini vyenye uwazi ndani. Kamba ya lastiki hupita katika uwazi huo na kushikwa kwa kulabu, na mvuto wake ndio unaomwezesha kusimama. Ikilegea, magoti hukunjika. Ikikazwa kupita kiasi, mguu hujirudi ghafla na kumwangusha. Kiungo kinachoteleza hutibiwa kwa kubandikwa kipande chembamba cha ngozi laini ndani yake.

Uzito na mkao

Anayeanza humsimamisha mwanasesere wima kama askari wa gwaride, na picha hukosa uhai. Binadamu mara nyingi huegemea mguu mmoja. Nyonga ya upande huo hupanda, bega lake hushuka, na kichwa huinama kidogo. Watu wanaosubiri basi kituoni ni walimu wazuri wa somo hili.

Kazi huanzia chini kwenda juu: nyayo, magoti, kiuno, mabega, na mwisho kichwa. Viwiko visinyooshwe kabisa. Mikono ipewe kazi, kama kushika upindo wa gauni au kuegemea meza.

Macho hushikiliwa kwa ndani na gundi laini, hivyo yanaweza kugeuzwa. Yote mawili yatazame mahali pamoja, la sivyo mwanasesere ataonekana ana makengeza.

Kamera na mwanga

Kosa la kawaida ni kupiga picha kutoka juu, jambo linalomrudisha mwanasesere kuwa kitu cha kuchezea. Kamera ishushwe hadi usawa wa macho yake. Mwanga wa dirishani unafaa kuliko taa ya kamera, ambayo huifanya resini ing'ae. Kadi nyeupe ikiwekwa upande wa pili hupunguza vivuli.

Kwa kuwa kamera huwa karibu, eneo linaloonekana wazi huwa dogo. Tundu la lenzi lipunguzwe hadi kama f/8, kamera iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu, na shabaha iwe jicho lililo karibu. Mwanga ukipungua, picha inaweza kuchukua hata sekunde nzima, kwa sababu mwanasesere hatikisiki. Vitu vinavyomzunguka vilingane na kimo chake. Kikombe cha kawaida pembeni yake hufichua udogo wake mara moja.

Tahadhari

Mwanasesere wa aina hii ni wa gharama kubwa, na kuanguka mara moja kunaweza kumvunja kidole au kumchubua uso. Asiachwe akisimama peke yake, hasa nje penye upepo. Mkono uwe karibu hadi picha ipigwe. Jua kali huifanya resini iwe ya manjano na rangi yake ya awali hairudi. Nguo nyeusi au nyekundu zifuliwe kwanza, kwani rangi huhamia mwilini. Kichwa kisishikwe usoni, maana rangi za nyusi na midomo zimechorwa juu tu.

Asiye na uwezo wa kumnunua anaweza kuanza na kinyago cha mbao chenye viungo ambacho wachoraji hujifunzia. Hakina macho wala nywele, lakini mwanagenzi atakayekifanya kionekane kimechoka, au kinamsubiri mtu, atakuwa amekwisha kulipata somo lililo gumu kuliko yote.