Mafuta, Homoni na Mwanamke Aliyekoma Hedhi: Sura Iliyosahauliwa ya Historia ya Tiba katika Ituri

1. Utangulizi

Iga Barrière ni kituo cha biashara kilichoko kaskazini mwa mji wa Bunia, kando ya barabara iendayo Mahagi, katika wilaya ya Djugu. Sehemu ya pili ya jina lake ni neno la Kifaransa lenye maana ya kizuizi cha barabarani, nalo ni urithi wa lugha ya utawala wa Kibelgiji. Historia ya eneo hili imeandikwa mara nyingi kwa kufuata dhahabu na vita. Makala haya yanafuata jambo dogo zaidi kwa macho ya wanahistoria, lakini si dogo kwa wanaolipata: ukavu wa uke baada ya kukoma hedhi, pamoja na tiba za asili, zisizo za homoni, zinazotumiwa kuupunguza.

Hoja yetu ni kwamba huduma za tiba katika mashariki ya Kongo, tangu enzi ya ukoloni hadi enzi ya misaada ya dharura, zilimtambua mwanamke kama mzazi. Alipoacha kuzaa, alitoka katika daftari. Kwa hiyo, kwa wanawake wengi, tiba ya asili haikuchaguliwa kwa kuikataa homoni. Ndiyo pekee iliyokuwapo. Ni vema basi tiba hiyo ichunguzwe kwa heshima na kwa ukali pia.

2. Hali Yenyewe

Hedhi hukoma kwa kawaida kati ya umri wa miaka 45 na 55. Mwili hupunguza sana homoni ya estrojeni. Ukuta wa uke huwa mwembamba na ute hupungua. Bakteria wa kinga, waifanyao sehemu hiyo kuwa na uchachu, nao hupungua. Matokeo yake ni mwasho, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na pengine maambukizo ya njia ya mkojo. Tofauti na joto la ghafla, ambalo mara nyingi hutulia baada ya miaka kadhaa, ukavu huelekea kuzidi kadiri umri unavyosonga. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walikubaliana kuuunganisha ukavu huo na matatizo ya mkojo chini ya jina moja la kitaalamu.

3. Tiba Iliyohesabu Vizazi

Dhahabu iligunduliwa karibu na Kilo mwaka 1903, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Société des Mines d'Or de Kilo-Moto. Migodi ilihitaji nguvukazi, na nguvukazi ilihitaji vizazi. Serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilikuwa na hofu ya kupungua kwa watu, hasa katika maeneo ya kaskazini ambako ugumba ulikuwa mwingi. Kwa sababu hiyo, huduma kwa wanawake zilijengwa juu ya nguzo za uzazi: wodi za kujifungulia, kliniki za watoto wachanga, na mafunzo ya wakunga.

Mfano ulio bayana ni uchunguzi wa idadi ya watu wa mwaka 1955 hadi 1957, ambao Anatole Romaniuk aliutumia katika kazi zake kuhusu uzazi nchini Kongo. Katika uchunguzi wa namna hiyo, mwanamke aliyepita miaka 45 ana thamani ya pekee kwa mtakwimu: yeye amekwisha kuzaa, hivyo hesabu ya watoto wake imekamilika. Anaulizwa alizaa wangapi. Jinsi mwili wake ulivyo siku ile anapoulizwa si sehemu ya swali.

4. Mafuta, na Maana Mbili za "Asili"

Nje ya daftari hizo kulikuwa na mafuta. Ituri ina bahati ya kukutanisha mazingira mbalimbali. Upande wa misitu kuna mawese. Wafugaji wa nyanda za juu wana siagi ya ng'ombe, ambayo katika jamii nyingi za wafugaji wa Maziwa Makuu ilipakwa mwilini kulainisha ngozi. Na kaskazini-mashariki ya Kongo, kama ilivyo kaskazini mwa Uganda, umeota mti wa shea wa aina ya nilotica, ambao siagi yake ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Kabla ya duka la dawa kufika, vilainishi vilikuwa jikoni.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kila dawa ya asili ilikusudiwa kuleta unyevu. Katika Zaire, utafiti wa Brown, Ayowa na Brown uliochapishwa mwaka 1993 ulieleza desturi ya wanawake kutumia majani, unga na vitu vinginevyo ili kuukausha na kuubana uke, kwa imani kwamba ndivyo mume apendavyo. Huko pwani nayo shabu imejulikana kwa kazi hiyo ya kubana. Kwa upande mwingine, desturi iitwayo kunyaza, ijulikanayo Rwanda na kwa majirani zake, iliuhesabu unyevu wa mwanamke kuwa neema na dalili ya ndoa yenye raha.

Basi wilaya ya Djugu iko katika nchi ambamo mikondo miwili inayopingana imekutana, na yote miwili huitwa "ya asili". Hapa ndipo penye hatari. Mwanamke wa miaka 55 akienda sokoni na kuomba "dawa ya chini" bila kueleza zaidi, kwa kuwa haya humzuia kusema, aweza kupewa kikaushio ilhali tatizo lake ni ukavu. Shabu juu ya ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba huchubua. Na mchubuko ni mlango wa maambukizo. Neno "asili" halimwambii mtu dawa inafanya nini. Lamwambia tu ilikotoka.

5. Kupanda na Kushuka kwa Homoni

Wakati huohuo, nchi tajiri zilikuwa na hadithi nyingine. Vidonge vya Premarin, vilivyotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba, viliruhusiwa Marekani mwaka 1942. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson alichapisha kitabu Feminine Forever, akidai kwamba kukoma hedhi ni upungufu unaopaswa kutibiwa. Mwaka 1975 tafiti zilionyesha kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake huongeza saratani ya mji wa mimba. Kisha Julai 2002 sehemu moja ya utafiti wa Women's Health Initiative, iliyohusisha wanawake 16,608, ilisimamishwa kwa sababu vidonge vya homoni mbili viliongeza saratani ya matiti na madhara mengine. Wanawake wengi waliacha homoni na kurudia mafuta na mimea, ingawa kilichopimwa kilikuwa vidonge vya kumeza, wala si estrojeni kidogo ya kutiwa ukeni.

Mwezi Septemba wa mwaka huohuo wa 2002, hospitali ya Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia, ilishambuliwa na kuharibiwa, na watu wapatao elfu moja au zaidi wakauawa. Ilikuwa miongoni mwa hospitali kubwa za mashariki ya Kongo. Tarehe hizi mbili hazina uhusiano wa sababu na tokeo, lakini zikiwekwa pamoja zafundisha. Mwanamke wa Marekani alirudi kwenye tiba ya asili kwa sababu alisoma habari za utafiti. Mwanamke wa Ituri alibaki nayo kwa sababu hospitali iliharibiwa. Neno ni moja, historia ni mbili.

Vurugu za 1999 hadi 2003, na tena tangu mwishoni mwa 2017, ziliwang'oa watu wengi wa Djugu vijijini mwao. Mkimbizi huacha ng'ombe, huacha mti, na pengine humwacha bibi aliyejua matumizi yake. Misaada ya dharura nayo imerithi mpango wa zamani: huduma za kwanza za afya ya uzazi hulenga kujifungua, kuzuia mimba, ukatili wa kijinsia na magonjwa ya zinaa, na mifuko ya vifaa vya wanawake hubeba pedi. Haya yote ni ya lazima. Lakini asiyehitaji pedi hajaacha kuwa mwanamke.

6. Tathmini ya Tiba Zisizo za Homoni

Je, tiba hizi zafaa? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, wa wanawake 302, ulilinganisha kidonge cha estrojeni cha ukeni, kilainishi kisicho na homoni, na dawa zisizo na kiini. Baada ya majuma 12 wote walipata nafuu, na tofauti baina yao kwa dalili zilizowasumbua zaidi ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo kilainishi rahisi si cha kudharauliwa.

Lakini mafuta yana mipaka yake. Huidhoofisha kondomu ya mpira, jambo zito mahali penye virusi vya UKIMWI. Aidha, utafiti wa Los Angeles wa mwaka 2013 ulihusisha mafuta yaliyotiwa ndani ya uke na fangasi, na vaselini na mvurugiko wa bakteria. Vilainishi vya maji navyo hutofautiana: mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri vile visivyo vizito kupita kiasi na vyenye uchachu unaokaribiana na wa uke. Kuosha ndani kwa sabuni huzidisha ukavu. Na damu yoyote itokayo baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima yataka kuchunguzwa na mganga wa hospitali, si kupakwa mafuta.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba ukavu baada ya kukoma hedhi haukukosa tiba katika Ituri, ulikosa mwandishi. Kiswahili cha Bunia, Kilendu na Kialur bila shaka vina maneno ya stara ambayo wanawake wazee huyatumia wanapozungumza wao kwa wao. Kazi ya idara zetu za Kiswahili ni kuyakusanya, pamoja na majina ya mafuta na majani, na kutenganisha kwa uwazi yale yanayolainisha na yale yanayokausha. Istilahi iliyo safi hapa si pambo la kamusi. Ndiyo itakayomwezesha mama wa Iga Barrière kuomba kile anachokihitaji, na muuguzi kumwelewa.