Picha za Stanleyville, kura za Hollywood

Tarehe 29 mwezi wa tatu mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 75 tangu Robert Surtees apewe Oscar ya upigaji picha wa rangi kwa filamu ya King Solomon's Mines. Usiku uleule, Ralph Winters na Conrad Nervig walichukua ya uhariri kwa filamu hiyohiyo. Ilipigwa Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo ya Wabelgiji, ikafika mpaka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, mji ambao wakati huo ndio uliotawala Bunia na Ituri nzima. Kumbukumbu hii ingepita kimya, kama kawaida, lau si desturi moja inayorudi kila msimu wa Oscar: magazeti na redio hutangaza nani atashinda tuzo ya picha, ya sauti, ya uhariri, ya mavazi, na msikilizaji huamini kwamba mtabiri ni mjuzi wa kazi hizo. Historia ya filamu zilizopigwa upande wetu inaonyesha vingine. Mtabiri hodari wa tuzo za ufundi huenda hajui hata kamera inashikwaje. Anachokijua ni tabia ya wapiga kura.

Mwanzoni hapakuwa na cha kutabiri. Washindi wa kwanza, mwaka 1929, walitangazwa miezi mitatu kabla ya sherehe. Baadaye Akademi ya filamu ya Marekani ikawa inayapa magazeti majina mapema, kwa sharti la kuyatunza mpaka usiku, na mwaka 1940 Los Angeles Times likayachapa wageni wakiwa bado njiani kwenda ukumbini. Mwaka uliofuata zikaja bahasha zilizofungwa, na utabiri ukazaliwa. Utaratibu wa kura wenyewe una hatua mbili, na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Wapiga picha huteua wapiga picha wenzao, wahariri huteua wahariri. Lakini kumchagua mshindi ni kazi ya wanachama wote, wakiwemo waigizaji, watunzi na mameneja wa studio. Ni Aprili 2025 tu ndipo Akademi ilipotoa amri kwamba mtu asipige kura ya mwisho katika kipengele kama hajazitazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Kabla ya hapo mtu aliweza kuchagua sauti bora bila kuzisikia zote tano.

Tuchukue basi ushindi wa 1951. Filamu kubwa ya mwaka ilikuwa All About Eve, iliyoteuliwa mara 14 na kushinda 6. Mtu anayeshika kanuni kwamba mkubwa huzoa vyote angeipa uhariri bila kusita, akakosa. Kwenye picha mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu miaka ile filamu za rangi na za nyeusi-na-nyeupe zilishindanishwa mbalimbali, kwa hiyo Surtees hakukutana na All About Eve hata kidogo. Alikuwa na kitu ambacho wapiga kura wa California hawakuwa wamekizoea: wanyama wakikimbia kwa mamia, maporomoko ya Murchison, wacheza ngoma wa Kitutsi, vyote kwa rangi. Kamera ya Technicolor ya siku zile ilipitisha mikanda mitatu ya filamu kwa mpigo mmoja na ilidai mwanga mwingi. Kuizungusha katika safari ya namna hiyo kulistahili heshima. Lakini heshima hiyo haikuwa na kanuni. Mwaka uleule wa 1951 mpiga picha Jack Cardiff aliibeba kamera ya aina hiyo mpaka mto Ruiki, kusini mwa Stanleyville, na mpaka Butiaba, ng'ambo ya Ziwa Albert letu, kupiga The African Queen, wenzake wakiugua malaria na kuhara damu. Humphrey Bogart akapata Oscar ya uigizaji. Cardiff hata kuteuliwa hakuteuliwa. Yake alikuwa ameshaipata kwa Black Narcissus, filamu ya milima ya Himalaya iliyopigwa Uingereza, milima yenyewe ikiwa imechorwa kwa rangi!

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1960. Mwongozaji Fred Zinnemann alikuwa amempeleka mwigizaji Audrey Hepburn Stanleyville kupiga The Nun's Story, kisa cha sista wa Kibelgiji anayehudumu hospitalini Kongo. Ikateuliwa mara 8, nne zikiwa za ufundi: picha ya Franz Planer, uhariri, muziki na sauti. Mtazamaji wa leo akiiangalia kwa utulivu ataona kazi ya Planer ilivyo ya makini: weupe na weusi wa mavazi ya masista huko Ubelgiji, halafu mwanga mkali na kijani vinamlaki Kongo, na safari ya moyoni ya sista inasomeka kwenye rangi kabla hajasema neno. Sherehe ya tarehe 4 Aprili ikaisha bila hata sanamu moja. Ben-Hur, iliyoteuliwa mara 12, ilichukua 11, zikiwemo zote nne nilizozitaja. Na waliompiku Planer na mhariri wake ni akina nani? Picha ni Robert Surtees. Uhariri ni Ralph Winters, safari hii pamoja na John Dunning. Wale wale waliobebwa na Stanleyville mwaka 1951 ndio walioiangusha miaka tisa baadaye, kwa mashindano ya magari ya farasi yaliyopigwa Roma.

Kuna watakaosema Ben-Hur ilikuwa bora tu, hakuna siri. Kwa yale magari ya farasi ninakubali, uhariri ule ni wa kufundishia. Ila ubora hauelezi kwa nini filamu moja ishinde picha, uhariri, muziki, sauti na mavazi kwa pamoja. Hizo ni kazi tano za mikono tofauti. Kinachoeleza ni mpiga kura anayeipenda filamu, kisha anashuka na karatasi akiiwekea alama kila mahali inapojitokeza. Pingamizi la pili ni zito zaidi: siku hizi vyama vya mafundi vina tuzo zao kabla ya Oscar, basi si tuvifuate? Wapiga picha wa Marekani wamekuwa wakitoa yao tangu 1987. Wakampa Roger Deakins kwa The Shawshank Redemption, wakampa tena kwa The Man Who Wasn't There, na kwa Skyfall. Mara zote tatu Oscar ikaenda kwa mwingine. Aliipata 2018, alipoteuliwa mara ya 14. Hata gazeti la Wall Street Journal, lilipoikasirisha Akademi mwaka 2000 kwa kuwapigia simu wanachama 356 na kupatia vipengele 5 kati ya 6, liliuliza juu ya filamu, mwongozaji na waigizaji tu. Mafundi hawakuulizwa.

Kwetu tuzo za karibu ni za majaji wachache wanaokaa pamoja na kubishana, na hapo mtabiri anahitaji macho zaidi ya hesabu. Mwezi wa tatu 2011, huko Nigeria, tuzo za Afrika za AMAA ziliipa Viva Riva! ya Djo Munga, iliyopigwa Kinshasa, tuzo 6, zikiwemo za picha na mandhari. Bunia hapa, kijana wa parifoot, yaani kamari ya mpira, anaijua timu ya Ulaya mpaka wachezaji wa akiba, lakini ushindi huo wa nchi yake hausikii ukitajwa, wala hajui kwamba Oscar mbili zilitoka kwenye safari iliyofika upande wetu. Wasimamizi wa redio zetu wangeweza kuyasimulia haya badala ya kusoma utabiri wa Marekani neno kwa neno. Surtees alimaliza maisha yake na Oscar 3. Planer aliteuliwa mara 5, akafa mwaka 1963 bila hata moja.