Mpira wa Mkojo: Miaka Elfu Mbili ya Kutafuta Unaofaa

Mwaka 1752 John Franklin alikuwa Boston, akiteswa na mawe kwenye kibofu. Mdogo wake Benjamin, aliyekuja kuwa miongoni mwa waasisi wa Marekani, alikuwa Philadelphia. Habari zilipomfikia hakungoja. Alikwenda kwa sonara, akamweleza anachotaka, akaketi hapohapo hadi kazi ikaisha ili kifaa kiwahi posta. Kilikuwa mrija mwembamba wa fedha unaopindika, wa kutoa mkojo kibofuni. Katika barua ya Desemba 8 aliyoituma nao, alimwambia kaka yake kwamba matumizi yenyewe ndiyo yatakayoonyesha pa kurekebisha.

Ndivyo ilivyokuwa kabla yake na baada yake. Kila hatua katika historia ya mrija huo, ambao leo huitwa mpira wa mkojo, ilitokana na mgonjwa ambaye kifaa kilichokuwapo hakikumfaa.

Katika magofu ya Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, ilipatikana mirija ya shaba nyeusi ya waganga. Ya wanaume imepinda mara mbili kama herufi S. Ya wanawake ni mifupi, kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi. Waganga wale walijua kwamba mrija mmoja hauwafai watu wote. Takriban mwaka 1000, Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia, aliandika katika kitabu chake Al-Tasrif kuhusu mrija laini wa fedha wa kumtoa mkojo mgonjwa aliyezibwa.

Lakini madini ni madini. Mrija mgumu ulichubua, ukatoboa, na haukuweza kukaa ndani kwa siku nyingi bila kumtesa mtu.

Nafuu ilianzia Ufaransa na Marekani katika karne ya 19. Mwaka 1836 daktari Mfaransa Louis Mercier alibuni mrija wenye ncha iliyopinda kidogo, ili upite palipobanwa na tezi dume iliyovimba. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua namna ya kupika mpira pamoja na salfa, ukawa imara bila kupoteza ulaini. Daktari wa upasuaji Auguste Nélaton akautumia kutengeneza mrija mwekundu ambao bado unabeba jina lake. Fundi wa vifaa vya hospitali jijini Paris, Joseph Charrière, alileta kipimo kimoja cha unene: kila namba ni theluthi moja ya milimita. Hivyo namba 12 ina unene wa milimita 4, na namba 18 milimita 6. Kipimo hicho ndicho kinachochapishwa kwenye pakiti hadi leo, na mwisho wa mpira hutiwa rangi: 12 nyeupe, 14 kijani, 16 chungwa, 18 nyekundu.

Tatizo moja lilibaki. Mrija uliteleza ukatoka, ikabidi ufungwe kwa uzi au plasta. Frederic Foley, daktari wa mkojo wa Minnesota, aliunganisha mrija na puto dogo. Muuguzi huingiza maji yasiyo na vijidudu kwa bomba la sindano kupitia tundu la pembeni, puto linatuna ndani ya kibofu, na mpira haushuki tena. Hataza ya mwaka 1936 ilikwenda kwa Paul Raiche wa kampuni ya Davol, lakini jina la Foley ndilo lililobaki midomoni mwa wauguzi.

Kufanikiwa huko kulileta hatari mpya: mpira ukawa rahisi kuachwa. Kila siku unapokaa ndani, vijidudu hupata nafasi ya kupanda kibofuni. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan alionyesha njia nyingine. Mgonjwa ananawa mikono, anaingiza mpira safi mwenyewe mara kadhaa kwa siku, mkojo ukiisha anautoa. Leo wazazi wa watoto waliozaliwa na mgongo wazi hufundishwa njia hiyo, Afrika Mashariki ikiwamo.

Kwa hiyo anayechagua leo anarithi majibu ya wote hao. Kwa mtu mzima asiyetokwa na damu, namba 12 hadi 16 hutosha. Mpira mnene huachiwa mwenye mabonge ya damu. Lateksi hufaa kwa muda mfupi, na haifai kabisa kwa mwenye mzio nayo. Silikoni huweza kukaa hadi wiki 12. Ncha ya Mercier bado ni msaada kwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba.

Ukiwekewa mpira wewe au mzazi wako, uliza mambo matatu: ni namba ngapi, umetengenezwa kwa nini, na utatolewa lini. Jibu la swali la tatu liandikwe kwenye faili siku hiyohiyo.