Januari 2015: Seneti ilipoisikia barabara

Kwa watu wa Goma, Januari sasa ni mwezi wa kukumbuka waasi wa M23 walivyouteka mji mwaka 2025. Kumbukumbu hiyo imefunika nyingine ya miaka kumi kabla: wiki ambayo kelele za barabarani zilifika hadi Seneti na kubadilisha sheria.

Seneti ya leo ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni matunda ya Katiba ya 2006. Maseneta wake 108 huchaguliwa na wabunge wa majimbo. Mei 2007, katika uchaguzi wa rais wa Seneti, Léon Kengo wa Dondo aliungwa mkono na upinzani, akamshinda She Okitundu wa kambi ya Rais Joseph Kabila kwa kura 55 dhidi ya 49.

Tarehe 17 Januari 2015 Bunge lilipitisha sheria ya uchaguzi huku wabunge wa upinzani wakisusia. Ugomvi wote ulikuwa katika kifungu cha 8, kilichofungamanisha orodha ya wapiga kura na hesabu ya watu. Katika nchi ambayo haijahesabu watu wake tangu 1984, upinzani uliona wazi kwamba uchaguzi wa 2016 ungeahirishwa na Kabila angebaki madarakani.

Jumatatu tarehe 19, mswada ukiwa mbele ya Seneti, watu waliingia barabarani Kinshasa na Goma. Vijana na wanafunzi wa Goma walikabiliwa na mabomu ya machozi na risasi. Intaneti ilikatwa. Human Rights Watch ilihesabu watu wasiopungua 36 waliouawa Kinshasa pekee.

Ndani ya Palais du Peuple, jengo la Bunge na Seneti, upinzani haukuwa na wingi wa kura, lakini ulikuwa na watu wanaoijua Katiba kwa undani. Mmoja wao alikuwa Jacques Djoli wa chama cha upinzani cha MLC, profesa wa sheria ya katiba aliyewahi kuwa makamu wa rais wa tume ya uchaguzi. Seneta wa namna hiyo huvishikilia vifungu vya Katiba, neno kwa neno, mpaka wenye wingi walazimike kujibu. Tarehe 23 Seneti ilikirekebisha kifungu cha 8, na Kengo akatamka kwamba wameisikiliza barabara. Siku mbili baadaye, baada ya kamati ya pamoja ya mabaraza mawili, aya yenye utata ikaondolewa kabisa.

Ushindi huo ni wa Goma pia, na inauma kwamba watoto wetu wanakua bila kuusikia. Waliojeruhiwa siku zile hawana hata bamba la ukumbusho mjini.

Hata hivyo, uchaguzi haukufanyika 2016. Ulifanyika Desemba 2018. Kabila akawa seneta wa maisha. Tarehe 22 Mei 2025 Seneti ilimwondolea kinga, kwa tuhuma za kuiunga mkono M23, kwa kura 88, watano tu wakikataa, na siku chache baadaye alionekana Goma. Kura ile iliigusa Goma moja kwa moja, lakini safari hii hapakuwa na mjadala mrefu wa kifungu kwa kifungu kama ule wa 2015.